Waliobaki kwenye Laini ya Ng'ombe

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao, na alikuwa mwigizaji. Hiyo ya pili haikuwa kazi, ilikuwa tabia. Akienda mazishini alirudi akimwigiza mhubiri. Akikutana njiani na daktari wa ng'ombe, jioni hiyo watoto walimwona daktari wa ng'ombe mezani kwetu, tumbo mbele, akitaka kujua nani kati yetu amekataa majani. Kanisani, kila Krismasi, Herode alikuwa yeye. Miaka yote tuliyokaa Tetu hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuomba kuwa Herode. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo mdomo wake utatuletea mambo, naye alinijibu kwa sauti ya mama yangu mzazi. Ningefanya nini? Nilicheka.

Naanza hapo kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari hii huanza na bunduki, kana kwamba mume wangu alizaliwa amezishika. Bunduki zilikuwa za mbao. Alizichonga mwenyewe kwenye karakana yake mjini Nyeri, kwa mabaki ya msaiprasi, akazipaka rangi ya viatu, na aliyemwagiza azichonge ni serikali.

Ilikuwa miaka ya mlolongo. Kwa wale wasiokumbuka, na kwa wale wanaojifanya hawakumbuki, hatukupiga kura kwa karatasi. Mtu wa mgombea alisimama uwanjani na picha, nawe ukaenda kusimama nyuma ya picha unayoitaka, mbele ya chifu, mbele ya tajiri wako, mbele ya mama mkwe. Halafu ofisa akapita akihesabu vichwa. Uchaguzi uliokuwa umepita, laini yetu ilikuwa ndefu mpaka ikapinda kwenye vyoo vya shule. Ile nyingine ilikuwa fupi. Ile fupi ikatangazwa imeshinda. Tulitazamana, kisha tukaenda nyumbani kukamua ng'ombe.

Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia, na huko ofisini mtu akapata wazo. Chifu alituita barazani akatuambia kutakuwa na zoezi.

"Tuseme watu wabaya wako na bunduki," akasema. "Wamekuja siku ya kura, wanataka kuharibu demokrasia. Serikali itafanya nini? Hiyo ndiyo tunataka kujaribu mapema, ndio siku ikifika tusishikwe tumelala."

Mama mmoja aliyekuwa akisuka kiondo aliuliza hao watu wabaya watatoka wapi. "Tutawachagua," chifu akamjibu, na baraza likacheka.

Hakuhangaika kuwatafuta. Alitazama upande tuliokuwa tumeketi sisi. Baba ya mume wangu aliingia msituni wakati wa kupigania uhuru, na baba ya chifu alikuwa homgadi, mlinzi wa upande wa Mzungu, alikaa kwenye boma lake akilinda daraja. Hayo hayasemwi barazani. Lakini kila mvamizi aliyechaguliwa siku ile alikuwa mtoto wa msitu, na wale wa kusaidia askari kulinda kura walikuwa watoto wa homgadi. Si kwamba chifu alikaa chini akapanga. Ukimwambia mtu wa kwetu achague mwasi, macho yake yanakwenda yenyewe. Mume wangu akafanywa kiongozi wa wavamizi, na alirudi nyumbani amefurahi utadhani amepewa shamba.

DO mwenyewe, mkuu wa tarafa yetu, alimfuata karakana. Alikuwa kijana msomi, wa adabu, viatu vyake vinang'aa. Nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula cha mchana, kwa hivyo niliyasikia maneno yake kwa masikio yangu.

"Mzee, usituonee haya," alisema. "Sema yale mtu kama huyo angesema kweli kweli. Askari wangu wanajua kushika watu, hawajui kuzungumza nao. Nataka wajifunze kuzungumza."

Naamini siku hiyo alimaanisha. Nimemchukia yule kijana miaka mingi, lakini hilo silifichi. Alipoondoka nilimwambia mume wangu, Herode ameandikiwa maneno yake kwenye Biblia, wewe nani amekuandikia? Akanijibu kwamba atajiandikia. Juma lile lote alikuwa akipiga randa mbao huku midomo inacheza.

Siku ya zoezi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule, jua limetoka, mlima uko wazi juu yetu. Viti viliwekwa chini ya turubai kwa ajili ya wakubwa, na katikati akaketi mgeni aliyetoka Nairobi, mtu mnene asiyeondoa kofia. Sisi wengine tulikuwa wananchi. Kazi yetu ilikuwa kupanga laini kama siku ya kura. Kwa kuwa haingefaa kutumia picha za wagombea halisi, walileta picha ya ng'ombe iliyokatwa kwenye kalenda ya dawa ya kupe, na nyingine ya sufuria. Watu walifurahi sana. Wengi wakaenda kwa ng'ombe, wachache kwa sufuria, wakitukanana vizuri, waume na wake zao wakigawanyika kwa makusudi. Mimi nilisimama kwa ng'ombe. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Mwislamu kutoka Majengo, mshonaji, aliyekuwa na cherehani yake mlango wa pili kutoka karakana ya mume wangu. Mbele yake alikuwa kinyozi, rafiki mkubwa wa mume wangu. Walitahiriwa mwaka mmoja, wakaitana wakini, yaani mtu wa rika langu, na kwetu wakini ni zaidi ya ndugu. Unaweza kumkana ndugu.

Wavamizi walitoka nyuma ya madarasa wakikimbia. Tulikuwa tumeambiwa tupige nduru na kulala chini. Wachache walipiga, wengine walikuwa wanacheka mno. Mume wangu akapanda juu ya dawati, akainua ule ubao wake, na uwanja ukanyamaza, maana alikuwa na ile sauti.

"Msikimbie," akasema. "Sikuja kuvunja laini zenu. Nimekuja kumwuliza anayezihesabu. Mwaka ule tulisimama hapa kutoka umande mpaka jua likatuchoma. Laini yetu ilifika kwenye vyoo. Laini ya wenzetu ilikuwa na watu wa kutosha kubeba jeneza. Tukaambiwa ile ya jeneza imeshinda. Sasa niambieni, aliyevamia kura ni mimi na huu ubao, au ni yule wa kuhesabu?"

Ofisa aliyepewa kazi ya kuzungumza naye aligeuka kumtazama DO. DO alitabasamu akamwashiria aendelee, aseme chochote. Hapo kinyozi akatoka kwenye laini ya ng'ombe, akatembea polepole akijishika kiuno kwa mzaha, akaenda kusimama nyuma ya mume wangu.

Hivyo tu. Tulikuwa tumezoeshwa hivyo. Miaka yote hiyo, ukikubaliana na mtu, humpigii makofi wala huandiki mahali, unakwenda kusimama nyuma yake. Mtu wa pili akafuata. Mshonaji akachukua mkoba wake akaenda. Mimi nikaenda, ningebakije? Kabla hata wakubwa hawajaelewa, laini ya ng'ombe ilikuwa imeisha, na sufuria imebaki na yule aliyeishika. Watu wanacheka, wanasukumana, wanaitana. Nyuma ya mume wangu kulikuwa na mlolongo uliofika lango la shule.

DO alikuwa bado anacheka. Yule mgeni hakucheka. Aliinama akasema neno kwenye sikio la DO, na nikauona uso wa yule kijana ukibadilika, ukawa uso wa mtu anayefikiria kazi yake.

Baada ya mazungumzo, zoezi lilikuwa na hatua ya kuwashika wavamizi. Ilikuwa imepangwa, sote tuliijua. Kwa hivyo askari walipokuja wakamshusha kwenye dawati, wakamfunga pingu, wakamsukuma kwenye Landrova na wenzake, hakuna aliyeshtuka. Tulipiga makofi. Mume wangu alinikonyeza akiwa juu ya gari, kwa sababu aliona wanaigiza vizuri kuliko alivyotarajia.

Wale wavamizi wengine walishushwa kwenye barabara ya lami, wakaambiwa waende nyumbani. Walirudi kwa miguu wakicheka. Walipofika kwangu wakaniuliza mzee amefika? Hapo ndipo nilipojua.

Nilikwenda kwa DO kesho yake. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya watoto, akaniambia, "Mama, zoezi bado halijaisha." Nikamwuliza litaisha lini. Akapanga kalamu zake. Nilirudi tena, nikaambiwa vile vile, zoezi halijaisha. Siku nyingine nikaambiwa kuna uchunguzi. Mtu mmoja alinihakikishia kwamba mume wangu yuko kituoni Nyeri, mwingine akasema ameona gari Kenol likielekea Nairobi, na mwanamke mmoja anayenunua mbuzi Doldol akaapa kwamba amemwona huko akichimba mtaro. Nilikwenda kote huko. Hakuwa popote.

Karani wa ofisi ile, mtu wa kanisa letu, ndiye aliyenihurumia akaniambia shida iko wapi. Si yale maneno aliyosema, alisema karani. Maneno alitumwa ayaseme. Shida ni ile laini. Mgeni hakuweza kuamini kwamba watu wote wale walihama kwa pamoja bila kupangwa. Alisema huo ni mpango, kuna mikutano imefanywa, labda hata kiapo kimeliwa. Na mtu ambaye baba yake alikula kiapo cha msituni, ukimtajia kiapo tena, nani atabisha?

"Wakija watu waliokuwa pale," karani akaniambia, "hata watano, waseme ulikuwa mzaha, hawakuwa wamepanga kitu, atatoka. Lakini waje wenyewe."

Nilifurahi kwa ujinga wangu. Watu watano! Mlolongo ule ulifika lango. Niliondoka ofisini nikielekea moja kwa moja kwa kinyozi.

Alikuwa anamnyoa mteja. Nilimweleza yote. Hakusimamisha mkasi.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa kwa laini ya ng'ombe mpaka mwisho."

Nilidhani anatania, maana ndiyo kazi yake. Nikamwambia, wakini yako amefungwa, acha mchezo. Akamgeuza mteja kichwa akaendelea na upande wa pili. "Mama, huenda uliona mtu anafanana na mimi. Watu walikuwa wengi."

Nilikwenda kwa mwalimu, nikaenda kwa mama wa kiondo, nikaenda kwa mzee wa kanisa aliyekuwa nyuma yangu kabisa, nikisikia pumzi yake shingoni. Nilikwenda kwa wale wavamizi waliorudi kwa miguu wakicheka. Nyumba baada ya nyumba nilipewa uji, nikapewa pole, nikaambiwa wataniombea. Na wote walibaki kwa ng'ombe, hata hao wavamizi. Ati! Kata nzima ilibaki kwa ng'ombe. Wengine walinieleza hata walivyoshangaa kuwaona wale waliohama, wakatikisa kichwa. Ukiwasikiliza, mume wangu alisimama juu ya dawati peke yake, na nyuma yake kulikuwa na nyasi.

Mshonaji wa Majengo peke yake ndiye ambaye hakunidanganya. Alisimamisha cherehani, akafunga mlango, akanishika mikono.

"Mwanangu, nilihama," alisema. "Nilihama na wewe ukanifuata. Lakini siendi kulisema hilo ofisini. Nina wajukuu, na sisi wa Majengo tukiguswa hatuna wa kutusemea. Nakwambia wewe tu, usije ukaanza kufikiri umerukwa na akili."

Nilimkasirikia siku hiyo, kisha nikamshukuru maisha yangu yote. Mimi mwenyewe nilirudi kwa DO kumwambia kwamba nilihama na haukuwa mpango. Alinijibu kwamba mke si shahidi.

Mwaka ukaisha. Watoto waliacha kumwigiza mtu yeyote mezani. Nilikodisha karakana kwa mtu wa kuuza mbolea, nikakamua, nikachuma chai, nikaenda kanisani nikaketi nyuma ya mgongo wa yule mzee nikiutazama. Krismasi ile hawakuwa na Herode. Walimruka, wakaenda moja kwa moja kwa wachungaji.

Ndipo chifu akaja kwangu. Alikaa, akasifu ng'ombe wangu, akasifu ua wangu, nikajua amekuja na jambo.

"Zoezi liko tena," akasema. "Ile ya mwaka jana ilituaibisha. Sasa wamefikiria. Wanataka kuwe na mama, bibi ya yule kiongozi wa wavamizi. Anakuja analia, anamwomba mzee wake aweke bunduki chini. Anaweka. Inaisha vizuri. Na wewe, mama, wewe unaijua hiyo kitu."

Nilimtazama. Hata haya hakuona.

"Yule mgeni atakuwa hapo," akaongeza. "Ukilia vizuri, hii maneno ya mzee wako naona itaisha."

Kuna watu waliosema baadaye kwamba nilipaswa kukataa. Hao nao walibaki kwa ng'ombe. Mimi nilitaka mume wangu nyumbani, sikutaka kitu kingine duniani, na kama wangeniambia nipande lile dawati nikawike kama jogoo, ningewika. Nilikubali, na sijutii hata leo.

Safari hii kiongozi wa wavamizi alikuwa kijana wa ofisi ya kilimo, na maneno yake alikuwa ameandikiwa, sentensi mbili. Wananchi walilala chini kabla hata hajafungua mdomo. Walilala vizuri, nyuso kwenye nyasi, kinyozi akiwa mbele. Nikapita katikati yao, nikawaruka, nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule kijana. Nilimwambia aweke bunduki chini. Nilimwambia watoto wanauliza baba yuko wapi. Nilimwambia serikali ni baba yetu na baba hupiga anayempenda. Nikalia mpaka nikakosa pumzi. Ilikuwa hasira, hasira tupu, nililia kwa sababu nilitamani kumkanyaga kila mgongo uliokuwa umelala pale, lakini wao waliona ni uchungu wa mke mwema. Kijana wa watu aliogopa, akadondosha bunduki kabla ya wakati wake. Wakubwa walisimama wakapiga makofi. DO akawaambia askari wake, mmeona? Hayo ndiyo mazungumzo. Yule mgeni mnene alinipa mkono, na wananchi wakainuka wakijipangusa nyasi, nao wakapiga makofi pia.

Mume wangu aliachwa Kenol juma lililofuata, kwenye njia panda, na nguo alizokuwa nazo. Aliingia nyumbani mchana, akaketi. Alikuwa amekonda, lakini si hilo. Mtoto wetu mdogo alimwomba aigize daktari wa ng'ombe, akamtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Nilimpikia, nikamwogesha, nikampa blanketi. Nilijiambia ni uchovu.

Jumapili yake wageni walianza kuja, na mkate na sukari, wakimshukuru Mungu. Wale wale. Nilimimina chai vikombeni bila kumtazama mtu usoni. Alasiri akaja kinyozi. Nilisimama mlangoni nikikusudia kumzuia, lakini mume wangu alisikia sauti yake, akainuka kwenye kiti chake, kile alichokitengeneza mwenyewe, akampa akae. Yeye akaketi kwenye benchi na watoto, mikono katikati ya magoti.

Nilingoja. Nilimjua mume wangu. Nilifikiri sasa ataanza, ataichukua ile sauti, atamwigiza kinyozi na mkasi wake mpaka mtu yule atafute mahali pa kujificha, nami nitacheka hadi nilie. Chumba kizima kilikuwa kinangoja, nafikiri. Wengine waliacha kutafuna.

"Wakini," mume wangu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, na haikuwa ya mtu mwingine yeyote. "Nisamehe. Niliwaingiza kwa taabu."

Kinyozi alifikiria kidogo, akapuliza chai yake, akasema amemsamehe.